Nani Alimfundisha Fundi?



Ingieni saa nane mchana, mwezi wa Februari, katika darasa lililoezekwa bati tupu bila dari, popote katika mikoa yetu ya pwani. Watoto wamebanana madawatini, mwalimu anajipepea kwa daftari, na walioketi nyuma wamekwisha kusinzia. Tumezoea kusema kwamba watoto hao ni wavivu, au kwamba hawakula asubuhi, na huenda ni kweli hawakula. Lakini juu ya vichwa vyao pana bati ambalo mkono hauvumilii kuligusa, nalo huwashushia joto hilo tangu saa nne hadi jioni. Mtu angefungiwa mahali pa namna hiyo kwa adhabu, tungelaani kwa sauti kubwa. Mtoto akifungiwa humo ili asome, tunaita maendeleo na tunakata utepe.

Tunataka kusema jambo moja bila kificho. Nyumba za joto, za moshi na za mbu, ambamo walio wengi katika nchi hii hulala na kuamka, si majaliwa, wala umaskini peke yake haukuzijenga. Zimejengwa na mikono ambayo haikufundishwa. Elimu ya kujenga nyumba yenye afya, isiyokula kuni wala umeme bila sababu, ipo, na imekuwepo kwa muda mrefu. Imewekwa tu mbali na mtu anayeshika mwiko.

Nani anajenga?

Mwaka 1997 Bunge la Tanzania lilitunga sheria tatu: ya kusajili wahandisi, ya kusajili makandarasi, na ya kusajili wasanifu pamoja na wakadiriaji wa majengo. Sheria hizo ni njema, nasi hatuna ugomvi nazo. Lakini nendeni Mbagala au Buguruni, au kijiji chochote kilicho karibu nanyi, mkazihesabu nyumba zilizochorwa na msanifu aliyesajiliwa. Mtarudi upesi. Nyumba ya mtu wa kawaida hujengwa na fundi wa mtaani, ambaye alianza akiwa kijana wa kubeba zege, akawa saidia fundi, akakabidhiwa pima maji, na baada ya miaka michache naye akawa na vibarua wake. Ramani yake ni ile nyumba aliyoimaliza kabla ya hii.

Tusimdharau mtu huyo. Anajua kuvuta kamba na kupima kona. Anajua kwa kuonja tu mchanga wenye chumvi, na kuta zake zimesimama. Kosa si lake. Waliomfundisha walimfundisha namna ya kuifanya nyumba isimame, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kuifanya nyumba ikalike.

Na yule aliyepita chuoni? Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na tangu hapo vyuo vimeongezeka mikoani na wilayani. Kijana anayehitimu uashi huko hutoka akiwa mtu wa manufaa. Lakini tumewauliza baadhi yao swali jepesi: kwa nini nyumba hii ina joto kuliko ya jirani, ilhali matofali ni yale yale na bati ni lile lile? Mmoja alitujibu kwa moyo mweupe: "Waweke feni." Hilo ndilo jibu alilopewa na dunia iliyomzunguka, kwa maana hata majumba makubwa ya vioo ya Dar es Salaam hujibu hivyo hivyo. Yameigwa kutoka nchi ambako watu huomba jua liwaingilie madirishani. Hapa kwetu jua halina haja ya kuombwa, basi yakishajengwa hununuliwa mashine za kulifukuza, na mashine hizo huendeshwa kwa umeme usiku na mchana.

Mambo ambayo fundi hakuambiwa

Hakuambiwa, kwanza, kuhusu jua. Dar es Salaam ipo kama digrii 7 tu kusini mwa Ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu na utosi, na pigo lake hulipokea paa. Lakini asubuhi na jioni jua huja chini chini, likaupiga ukuta wa mashariki na kisha wa magharibi, na hakuna upenu unaoweza kulizuia vizuri. Kwa hiyo nyumba yenye umbo la mstatili ielekeze ncha zake fupi mashariki na magharibi, na kuta zake ndefu, zenye madirisha, zitazame kaskazini na kusini. Jambo hili halihitaji mfuko hata mmoja wa saruji. Linahitaji tu kwamba siku ya kupima msingi pawepo mtu anayelijua.

Hakuambiwa kwamba hewa huingia upande mmoja ikiwa ina mahali pa kutokea upande wa pili. Chumba chenye dirisha moja, hata likiwa kubwa, ni kama chupa. Tena siku hizi yamekuja madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, yanayopendwa kwa kung'aa kwake. Dirisha hilo hata likifunguliwa lote, nusu yake hubaki imefungwa, kwa kuwa kioo kimoja hukaa mbele ya kingine. Mwenye nyumba amelipia dirisha zima, akapata nusu.

Na sasa imezuka fasheni ya kulificha paa nyuma ya ukuta uliopandishwa juu, ili nyumba ionekane kama boksi. Upenu umekatwa, baraza imefutwa. Mvua inapiga ukuta moja kwa moja, jua nalo linapiga ukuta moja kwa moja, na kwenye mfereji uliofichwa huko juu maji yanatafuta ufa. Wazee wetu waliojenga kwa makuti waliyashusha makuti hayo chini sana kuliko kuta, kwa sababu walijua kazi ya kivuli. Wale wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, wakazisogeza nyumba hadi njia zikawa nyembamba na nyumba moja ikawa kivuli cha nyingine. Wagogo wa Dodoma, ambako mchana ni mkali na usiku una baridi, waliezeka tembe kwa udongo, joto likachelewa kuingia na likachelewa kutoka.

Hatusemi turudi kwenye tembe. Tembe lilikuwa na giza na moshi, na mama waliopikia ndani yake hawakuliimbia nyimbo za sifa. Tunasema kwamba waliolijenga walikuwa na somo, na somo hilo lilikuwa la mahali pale. Siku hizi ramani ile ile ya boksi, iliyotoka katika simu ya mtu, inajengwa Bagamoyo kwenye joto na unyevu, na inajengwa Makete kwenye baridi kali. Bagamoyo wakazi wanalala nje barazani, kama baraza ipo. Makete wanaingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto, na kila mwenye kujua hatari ya mkaa katika chumba kilichofungwa anajua jinsi usiku wa namna hiyo unavyoweza kwisha.

Kuhusu matofali tutasema kwa kifupi. Tanuri la tofali za kuchoma hula miti, na kila mwanakijiji ameiona milima iliyobaki kipara. Nchi hii ina chombo cha utafiti wa majenzi tangu mwaka 1971, ambacho leo ni Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, nacho kimeendeleza tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo na saruji kidogo bila kuchomwa. Ni kazi nzuri. Tatizo ni kwamba fundi mmoja akifundishwa kuzitengeneza, wanakijiji kumi wa kando yake hawajawahi kuziona, na tanuri linaendelea kuwaka.

Damu, mapafu na mfuko

Wapo watakaosema kwamba joto ni usumbufu tu, na mwananchi amelizoea. Basi tuzungumzie ugonjwa.

Mwaka 1900 waganga wawili, Louis Sambon na George Low, walikaa majira ya malaria katika kibanda chenye wavu madirishani na mlangoni, karibu na Roma, mahali palipojulikana kwa homa hiyo. Waliingia ndani kabla jua halijazama, na hawakuugua. Ni zaidi ya miaka 120 iliyopita. Baadaye, katika utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009, nyumba ziligawanywa. Nyingine ziliwekewa wavu milangoni na madirishani na upenu ukazibwa, nyingine wavu ulitandazwa chini ya paa tu mfano wa dari, na nyingine ziliachwa kama zilivyokuwa. Katika zilizoachwa, watoto 30 kwa kila mia walikuwa na upungufu wa damu. Katika zenye wavu kamili walikuwa 19, na katika zenye dari la wavu walikuwa 20. Wavu wa fundi seremala uliiokoa damu ya watoto.

Lakini hapa ndipo elimu inapohitajika kwelikweli, kwa maana fundi asiyefundishwa akiambiwa "ziba mbu" ataziba na hewa pia. Mbu wa malaria hupenda kuingilia ule mwanya kati ya ukuta na paa. Ukiuziba kwa udongo chini ya bati, joto la ndani linapanda, na mwenye nyumba usiku anakitupa chandarua pembeni kwa sababu ya jasho. Sharti mwanya uzibwe kwa wavu, hewa ipite na mbu abaki nje. Huko Mtwara zimejengwa nyumba 110 za ghorofa moja kwa ajili ya utafiti wa jambo hili, zenye kuta za wavu wa kivuli, vyumba vya kulala juu, na jiko lenye njia ya moshi. Tunazishangilia. Tungezishangilia zaidi kama kila fundi wa Mtwara angepelekwa kuzitazama na kuelezwa sababu ya kila kitu alichokiona.

Kuhusu moshi, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mjadala wetu wa nishati safi umejaa mitungi ya gesi, na gesi ni njema kwa mwenye kuweza kuijaza tena. Asiyeweza bado anapika kwa kuni leo jioni. Jiko lake lina tundu moja dogo, nalo lipo upande ambao upepo unaingilia, basi moshi unarudi ndani. Nani alilichora jiko hilo? Mwanamume asiyepika. Katika vikao vyote vya ujenzi ambavyo sisi tumehudhuria, hatukumbuki hata kimoja ambapo mama aliulizwa dirisha la jiko likae wapi.

Na kifua kikuu? Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa hospitali za Lima, nchini Peru. Wodi za kale, zenye dari la juu na madirisha makubwa, yakifunguliwa, hewa yake ilibadilika mara 40 kwa saa. Wodi za kisasa zinazotegemea madirisha zilipata mara 17. Waliojenga zamani hawakuwa na vyombo vya kupimia, lakini walifundishwa kuiogopa hewa iliyolala.

Tusijifanye wasafi. Tunaijua zahanati moja ya kanisa, iliyojengwa kwa michango ya waumini na ya wafadhili, ambayo chumba chake cha kungojea kina madirisha mawili madogo yaliyopandishwa juu kwa kuogopa wezi. Humo huketi mzee anayekohoa na mama mwenye kichanga wakingoja zamu yao, mara nyingine hadi saa tisa. Kamati ya ujenzi ilijadili kwa siku mbili rangi ya vigae vya sakafu. Baadhi yetu tulikuwamo katika kamati hiyo.

Liko pia jambo la mfuko, na hapa dhuluma inaonekana wazi zaidi. Katika miji yetu anayejenga siye atakayelipa umeme. Mwenye nyumba hujenga vyumba sita vya kupangisha, bati la bei ndogo, bila dari, dirisha moja kila chumba, na gharama aliyoikwepa siku ile ya ujenzi humwangukia mpangaji kila mwezi. Feni inazunguka usiku kucha na taa inawaka mchana, kwa sababu chumba kina giza. Mpangaji ananunua umeme wa elfu mbili mbili ili akae ndani ya kosa la mtu mwingine. Aliye na uwezo hufunga kiyoyozi, na kiyoyozi hicho kinalitupa joto lake uchochoroni, kwa yule yule mpangaji.

Wanasema haiwezekani

Mwaka 2021 serikali ilianza kujenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, shilingi milioni 20 kwa kila darasa, na yakakamilika katika muda mfupi kuliko wengi walivyodhani. Tunalisifu hilo, kwa sababu watoto walipata mahali pa kukaa. Mafundi wengi walioyajenga walikuwa wa papo hapo vijijini. Fikirini basi ingekuwaje kama kila eneo la ujenzi lingefanywa chuo kwa siku tatu tu: mkufunzi mmoja, mafundi wote na vibarua wao, somo la jua, somo la hewa, somo la dari, kisha kazi iendelee. Katika maeneo tuliyopita sisi hatukuona somo la namna hiyo. Tuliona wakaguzi waliokuja kuuliza darasa limefikia linta au bado.

Wengine hutuambia kwamba fundi wa mtaani hana elimu ya kutosha kuelewa mambo haya. Maneno hayo yanatuudhi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu. Viongozi wa vikundi karibu 75,000 walifundishwa kwa ajili hiyo. Wananchi walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka nje wakachimba vyoo. Wengi wao walikuwa wamejifunza kusoma juzi tu. Somo lilikuwa kwa Kiswahili, lilihusu nyumba zao wenyewe, na liliwafuata walipokuwa. Leo maandiko mengi yanayoeleza jinsi ya kujenga nyumba yenye ubaridi katika nchi ya joto yameandikwa kwa Kiingereza, yakajadiliwa hotelini kwenye kiyoyozi, yakafungiwa kabatini. Wanaodai kwamba fundi haelewi, ni lini walimwambia?

Tunajua vilevile kwamba kanuni peke yake haitoshi. Jirani zetu wa Kenya walikaa na kanuni za ujenzi za mwaka 1968 mpaka zilipoletwa nyingine za mwaka 2024. Kanuni mpya ni hatua, lakini kanuni haishiki mwiko.

Kwa hiyo tunadai, na tunawadai wenye dhamana kwa vyeo vyao. Mtihani wa uashi na wa useremala katika vyuo vya ufundi, vya serikali na vya makanisa, uwe na sehemu ya jua, hewa, moshi na mbu, na asiyeifaulu asipewe cheti, kama vile asivyopewa yule ambaye ukuta wake umepinda. Upo mpango wa kuwatambua na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Ni mpango wa haki na unawapa heshima wanyonge, ila usiishie kupima unyoofu wa ukuta. Fundi akiletwa kurasimishwa, ndiyo nafasi ya kumwongezea alichonyimwa. Kitungwe kitabu kimoja chembamba cha Kiswahili, chenye michoro mingi na maneno machache, kigawiwe maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa sababu huko ndiko fundi anakokwenda kila siku, wala si maktaba. Nao wafundishwe pia kuhusu asbesto. Kuna majengo ya zamani yenye vigae vyake, na vijana wanavivunja kwa nyundo bila kitambaa puani, ilhali imethibitishwa kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Kumtuma kijana kazi hiyo bila kumwambia ni kumwibia uhai.

Nasi katika kanda zetu tunao mafundi, tunavyo vyuo, tunazo kumbi zinazojengwa kila mwaka. Kamati yoyote ya ujenzi inayokusudia kuchimba msingi mwaka huu inaweza kuanza bila kungoja wizara. Wanakamati na fundi wasimame kiwanjani saa moja asubuhi, na tena saa kumi jioni, watazame jua linapiga upande gani. Wawaite akina mama watakaopika hapo. Wawaulize wazee upepo wa kusi unaingilia wapi na wa kaskazi unaingilia wapi. Fundi aandike majibu hayo kwa mkono wake mwenyewe kwenye karatasi ya ramani, ndipo wavute kamba.